Iași, Romania 1941: kama mashimo ya makaburini yalichimbwa kabla ya mauaji, nani alijua?

#1 Mwanafunzi wa Copou

Habari wakuu. Niko Iași, kaskazini mashariki mwa Romania, nasomea udaktari. Kuna jambo linaninyima usingizi na huku sina wa kubishana naye kwa Kiswahili.

Mwaka 1941 Wayahudi walikuwa theluthi ya wakazi wa mji huu, pengine zaidi. Kuanzia usiku wa tarehe 28 Juni mpaka tarehe 30 waliuawa kwa maelfu: mitaani, kwenye uwanja wa makao makuu ya polisi, na wengine ndani ya mabehewa ya treni. Maiti za mjini zilibebwa kwa malori na mikokoteni hadi makaburi ya Wayahudi ya Păcurari, kilimani, zikafukiwa kwenye mashimo ya pamoja. Nimefika pale. Makaburi hayo yamefunikwa kwa zege, ni marefu, yamelazwa sambamba, ukisimama pembeni unaona kama mabehewa yaliyozama nusu ardhini. Huwezi kujua nani amelala wapi.

Sasa hoja yangu. Walionusurika walieleza kwamba siku chache kabla ya mauaji, vijana wa Kiyahudi waliamriwa waende makaburini hapo hapo wakachimbe mitaro mirefu. Yaani kaburi lilikuwa tayari kabla ya marehemu. Kwangu hizo si fujo za mji uliopagawa na vita, huo ni mpango. Nani aliupanga? Karibuni.

#2 Chumvi Nyingi

Napiga kambi hapa. Mzee Kobe akitokea tu, uzi huu unafika kurasa kumi.

#3 Pugu Kajiungeni

Mbona jibu liko wazi. Ni wale Walejioni, chama cha Malaika Mkuu Mikaeli cha yule mwanasiasa mchukia Wayahudi, Codreanu. Kilianzishwa mwaka 1927 huko huko Iași. Na kabla yake kulikuwa na profesa A. C. Cuza wa chuo kikuu cha Iași, miaka mingi anafundisha vijana kuwachukia Wayahudi hadharani. Mji ulikuwa kitalu cha chuki. Miche ikakua, basi.

#4 Mzee Kobe

Nimeitwa, nimekuja.

Pugu, historia ya chuki umeieleza sawa, ila wahusika umewakosea tarehe. Codreanu aliuawa Novemba 1938. Wafuasi wake waliingia serikalini pamoja na Ion Antonescu Septemba 1940, wakamwasi Januari 1941, akawavunja kwa jeshi. Katika uasi huo huo waliua Wayahudi zaidi ya mia moja mjini Bucharest. Kwa hiyo Juni 1941 Walejioni hawakuwa na serikali. Mwenye nchi alikuwa Antonescu peke yake, na tarehe 22 Juni alikuwa ameingia vitani upande wa Ujerumani dhidi ya Umoja wa Kisovyeti. Iași iko karibu na mto Prut, mpaka wa wakati ule. Mstari wa mbele ulikuwa pale pale.

Na ni Antonescu aliyempigia simu mkuu wa kambi ya Iași, Kanali Constantin Lupu, akaamuru mji "usafishwe" Wayahudi. Hapo tunatafuta mpangaji gani mwingine?

#5 Bi Mkubwa wa Tanga

Asalaam aleikum wanangu. Mimi nina swali la kinyumbani. Vita ikifika mlangoni, kila mji unachimba mashimo mava yote, kwa sababu mabomu hayasubiri. Ndege za Kisovyeti si zilishapiga Iași kabla ya hiyo tarehe 28? Kuchimba kaburi mapema wakati wa vita peke yake si ushahidi wa kuua. Tusimhukumu mtu kwa jembe.

#6 Mwanafunzi wa Copou

Bi Mkubwa shikamoo. Ni kweli, mabomu yalianguka tarehe 24 na 26 Juni, la pili likiwa kali zaidi, na kati ya waliokufa na Wayahudi walikuwemo. Lakini mitaro ile ilichimbwa kwenye makaburi ya Wayahudi tu, na walioshikishwa majembe ni Wayahudi wenyewe. Halafu usitazame mitaro peke yake, iweke pamoja na mengine. Baada ya bomu la tarehe 26 ulienezwa uvumi kwamba Wayahudi ndio waliowapa ishara marubani. Nyumba za Wakristo zikaanza kuchorwa misalaba ili zijulikane. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 taa za fataki zikarushwa angani, risasi zikalia, wakasema Wayahudi wanawapiga askari. Askari aliyepigwa hakuonekana hata mmoja.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Manusura mpaka uzeeni waliiita "Jumapili ile", haikuhitaji tarehe. Watu walikokotwa na nguo za kulalia, mikono juu, mpaka uwanja wa polisi. Asubuhi baadhi walipewa vikaratasi vilivyoandikwa kwamba wako huru, wakarudi nyumbani. Wenzao waliposikia wakatoka mafichoni kwa hiari yao kwenda kutafuta karatasi hiyo. Mchana milango ya uwanja ikafungwa, bunduki zikaanza.

Hicho kikaratasi ndicho kinachoniumiza kuliko yote. Mtu alijipanga foleni.

#7 Chumvi Nyingi

Mkuu hapo kwenye kikaratasi nimefunga simu kwanza nikatoka nje.

#8 Fundi Reli

Niongezee kuhusu treni, maana mimi kazi yangu ni mabehewa na mtu akisema "walikufa ndani ya treni" wengi wanadhani ajali.

Treni zilikuwa mbili. Ya kwanza iliondoka alfajiri ya tarehe 30 Juni na watu kama 2,500, mabehewa ya mizigo, milango imepigwa misumari na matundu ya hewa yamezibwa. Ilizungushwa siku kadhaa kwenye jua la Julai, mbele na nyuma, ikafika Călărași kusini kabisa tarehe 6 Julai. Waliofika hai walikuwa kama elfu moja. Njiani, Târgu Frumos, zilishushwa maiti zipatazo 650 zikazikwa makaburi ya Wayahudi ya hapo.

Ya pili ilibeba watu kama 1,900 kwenda Podu Iloaiei. Podu Iloaiei ni kama kilomita 20 tu kutoka Iași! Mtu wa miguu anafika. Treni ilitumia saa nane. Walizikwa 1,194, waliobaki hai ni 708.

Sasa nijibu mada. Kilomita 20 kwa saa nane si kuchelewa kwa reli. Njia ikiwa na msongamano wa treni za kijeshi, behewa linasimama pembeni, hilo ni kweli. Ila behewa likisimama pembeni unafungua mlango, unapitisha ndoo ya maji. Kuacha kufungua ni uamuzi, na uamuzi huo ulirudiwa kila stesheni. Kwa hiyo mimi sitafuti mpangaji mmoja. Kila mwenye ufunguo wa stesheni ni mpangaji.

#9 Nesi wa Zamu

Fundi Reli nakazia. Behewa la mizigo lililojaa watu mia na zaidi juani, joto ndani linapanda mwili unashindwa kujipoza. Kwanza kiu, kisha mtu anaanza kuropoka na kuona visivyokuwepo, kisha anazimia. Wakisimama wamebanana, anayezimia hata haanguki. Manusura walieleza watu kunywa mkojo na kulamba jasho. Kuna waliosema pia baadhi ya mabehewa yalikuwa yamebeba kabaidi kabla, mabaki yake yakawa yanatoa harufu ya kukaba.

Hapa hospitali huwa tunaandika sababu ya kifo kwa neno moja. Wale 1,194 ungewaandikia nini?

#10 Pugu Kajiungeni

Mzee Kobe, tarehe zako sibishani nazo, ila Mjerumani umemficha wapi? Jeshi la Hitler lilikuwa ndani ya Iași siku hizo. Unataka kuniambia lilikuwa linanunua mkate?

#11 Mzee Kobe

Pugu mdogo wangu, Mjerumani sikumficha. Askari wa Kijerumani walikuwepo, waliua, walipora, na walipiga picha. Lakini angalia hadithi hiyo ilivyotumika baadaye. Kwenye kesi za baada ya vita Eugen Cristescu, mkuu wa idara ya ujasusi ya Romania, SSI, alisukumia Wajerumani. Enzi za ukomunisti nazo zikaendelea hivyo hivyo: "mafashisti" waliua, kana kwamba walishuka na mwavuli. Ilibidi ifike 2003 iundwe tume ya kimataifa chini ya Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika kambi za Wanazi, na ripoti yake ya 2004 ndiyo iliyosema wazi kwamba dola ya Romania yenyewe ilihusika: jeshi, askari jandarma, polisi, SSI, na raia. Tume ilikadiria Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 walikufa katika Romania na maeneo iliyoyashika.

Na hapa nakupa nusu ya hoja yako ya mwanzo, Pugu. SSI ilikuwa na watu wake Iași siku hizo, na Walejioni wa zamani walitumika kueneza uvumi na kushika silaha. Chama kilivunjwa, watu hawakuvunjwa.

#12 Pugu Kajiungeni

Nusu naipokea kwa mikono miwili, Mzee Kobe hatoagi hata robo.

#13 Umwana wa Kigali

Muraho ndugu zangu. Nimesoma kimya kimya ila #11 ametaja raia akapita haraka. Hapo ndipo mimi ningekaa.

Serikali inaweza kutoa amri kwa simu, sawa. Lakini mwanajeshi aliyetoka mkoa mwingine anajuaje mlango upi ni wa Myahudi? Anaoneshwa. Anayemwonesha ni mtu aliyekopa chumvi mlango huo. Kule Iași raia waliwazomea na kuwapiga njiani wakipelekwa polisi, na vyumba vilivyobaki wazi viliporwa siku hiyo hiyo. Kitanda, cherehani, masufuria. Wizi ulikuwa sehemu ya kazi.

Na baadaye jirani huyo huyo ndiye anayejua mashimo yako wapi. Kwetu Rusororo, hapa Gasabo, mashimo yenye maelfu ya watu wa 1994 yalifunuliwa mwaka 2018. Miaka 24 watu wamejenga, wamelima, wamepanga vyumba juu yake. Walijua. Nimesimama pale wakati nguo zinaoshwa ndugu watambue, kwa hiyo msinilaumu nikiwa mkali kwa majirani.

#14 Mwanafunzi wa Copou

Pole sana Umwana. Ulichosema kimetokea huku vilevile. Mwaka 2010, katika msitu wa Vulturi, kijiji cha Popricani nje kidogo ya Iași, taasisi ya kitaifa ya Elie Wiesel ya utafiti wa mauaji hayo iligundua kaburi la halaiki. Wazee wa kijiji ndio walioelekeza, waliona wakiwa watoto. Yalitolewa mabaki ya watu 36, kati yao watoto 12. Risasi zilizookotwa zilikuwa za jeshi la Romania. Mwaka 2011 walizikwa upya huku mjini, makaburi ya Păcurari.

Kabla ya hapo, mwaka 1945, huko Stânca Roșnovanu, karibu na Iași, zilifukuliwa maiti 311, nazo zikaletwa Păcurari. Kati ya 1945 na 2010 kimya.

#15 Bi Mkubwa wa Tanga

Miaka sitini na mitano! Na wale watoto wanacheza juu ya wenzao.

Wanangu, niulize jingine. Kwetu maiti akishazikwa hafukuliwi ila kwa dharura kubwa. Mayahudi nao si wana sheria kama hiyo? Ilikuwaje wakakubali?

#16 Ras Kijiweni

Bi Mkubwa, sheria yao inakataza kusumbua kaburi, kwa ukali kuliko wengi wanavyodhani. Marehemu anatakiwa abaki alipolala. Lakini inaruhusu kumhamisha aliyezikwa mahali pasipo heshima, au pasipo ulinzi, ili apelekwe makaburi ya Wayahudi wenzake. Msituni chini ya mizizi si mahali pa heshima. Ndiyo maana rabi anakuwepo mabaki yanapotolewa, na yanazikwa upya kwa dua.

Ila mvutano unabaki. Mwendesha mashtaka anataka mifupa ipimwe umri, jinsia, tundu la risasi. Mtu wa dini anataka izikwe upesi. Wote wawili wanasema wanamtetea marehemu. Mimi nipo upande wa kupima kwanza, kwa sababu bila zile risasi za Popricani kuna watu wangesema mpaka leo ni Wajerumani.

#17 Bi Mkubwa wa Tanga

Mimi nipo upande wa kuzika. Risasi zipimwe, mifupa ifunikwe. Ahsante kwa jibu.

#18 Kalamu Nyekundu

Naona idadi kamili ya waliokufa Iași haijatajwa. Zinazotajwa sana ni 13,266, iliyotokana na nyaraka za SSI, na 14,850, hesabu ya jumuiya ya Wayahudi ya Iași. Taarifa rasmi ya serikali ya wakati ule ilisema wameuawa "Wayahudi wakomunisti" 500. Mia tano! Podu Iloaiei peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Na hapa nampinga Mwanafunzi wa Copou kidogo. Mitaro iliyochimbwa kabla haiwezi kuwa ya watu 13,000. Tukisema mashimo yalionesha mpango, basi mpango wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kilichotokea. Labda walipanga kuua mamia na kuwatisha waliobaki, halafu mji ukaachiwa. Hilo linawezekana pia.

#19 Mwanafunzi wa Copou

Kalamu, linawezekana. Lakini kumbuka sehemu kubwa ya waliokufa hawakuletwa Păcurari, walikufa kwenye treni wakazikwa Târgu Frumos, Podu Iloaiei na kwingine njiani. Amri ya kuwahamisha ilikuwa tayari ndani ya ile simu ya Antonescu. Ukubwa wa mtaro hauoneshi ukubwa wa nia.

#20 Fundi Reli

Mabehewa nayo hayaokotwi. Kupata mabehewa matupu hamsini hivi na injini, wiki ya kwanza ya vita, karibu na mstari wa mbele, mtu lazima aandike karatasi na mkubwa aisaini. Nani alisaini?

#21 Kalamu Nyekundu

Swali zuri, na ndilo linalorudisha mambo serikalini. Ila kuna waliosema treni zilitafutwa haraka haraka baada ya uwanja wa polisi kujaa, kwa kuwa hawakujua waliobaki wawapeleke wapi. Kwa mtazamo huo treni ni matokeo, hazikuwa mpango wa mwanzo.

#22 Nyota ya Jaha

Nimechelewa wakuu. Mnazungumza kama Iași ilianza ghafla. Tafuteni Dorohoi, tarehe 1 Julai 1940, mwaka mmoja kasoro kabla. Romania ilikuwa imetoka kupokonywa Bessarabia, jimbo lake la mashariki, na Wasovyeti, jeshi linarudi nyuma na aibu yake. Makaburi ya Wayahudi ya Dorohoi kulikuwa na maziko ya askari Myahudi wa jeshi la Romania, aliyekufa pamoja na ofisa wake Mkristo wakati wa kurudi nyuma. Wenzake wa Kiyahudi walikuja na sare zao kumpa heshima za kijeshi. Askari wa Romania wakawavamia makaburini hapo, wakawanyang'anya silaha, wakawapiga risasi, wakaendelea mjini. Hesabu rasmi ilikuwa 53, wengine wanasema walikaribia 200.

Hapo hakukuwa na Mjerumani wala simu ya Antonescu, maana hakuwa madarakani bado. Kwa hiyo nadharia yangu ni hii: jeshi lililoshindwa linatafuta wa kumlaumu, na uvumi kwamba Wayahudi waliwapokea Wasovyeti kwa maua ulikuwa umezunguka mwaka mzima. Iași ilipofika, sababu ilikuwa mdomoni mwa kila askari.

#23 Mzee Kobe

Nyota, Dorohoi umeileta mahali pake na inaniumiza kichwa, maana inapunguza uzito wa ile simu. Bado nashikilia simu. Dorohoi walikufa kwa mamia hata tukichukua hesabu ya juu, Iași kwa maelfu. Tofauti hiyo imeletwa na dola.

#24 Umwana wa Kigali

Au imeletwa na ukubwa wa mji na wingi wa majirani, Mzee.

#25 Chumvi Nyingi

Kurasa kumi nilisema. Mwanafunzi, hapo makaburini kuna nini kingine? Na mitihani unafanya saa ngapi wewe?

#26 Mwanafunzi wa Copou

Mitihani niachie mwenyewe kaka.

Kuna sehemu nimeikuta nikasimama muda mrefu. Ni makaburi ya askari Wayahudi waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia wakiipigania Romania, yamepangwa mistari kama kambi ya jeshi, mawe madogo yanayofanana. Yako eneo hilo hilo yalipo mashimo ya 1941. Baba alikufa kwa ajili ya nchi, mtoto akauawa na nchi, wote kilima kimoja. Juu ya mawe wageni wameweka kokoto, ndiyo desturi yao badala ya maua.

Mji wenyewe ulikuwa na uhai mkubwa wa Kiyahudi. Avram Goldfaden alianzisha hapa tamthilia za kulipia za Kiyidishi mwaka 1876. Leo Wayahudi waliobaki ni mia chache.

#27 Nesi wa Zamu

Waliosaidia hawakuwepo kabisa? Nauliza kwa dhati, nahitaji kusikia hata mmoja.

#28 Nyota ya Jaha

Walikuwepo Nesi. Treni ya kwanza ilipofika mji wa Roman, Viorica Agarici, aliyeongoza Msalaba Mwekundu wa pale, alisikia vilio stesheni akalazimisha mabehewa yafunguliwe, watu wapewe maji, waogeshwe. Watu wa mji walimchukia kwa hilo mpaka akaacha wadhifa na kuhamia Bucharest. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimtambua mwaka 1983 kama mwokozi wa Wayahudi. Iași kwenyewe Grigore Profir, msimamizi wa kinu cha unga, aliwaficha Wayahudi wapatao mia moja kinuni na kuwazuia askari mlangoni.

Agarici hakuwa na bunduki, na treni yenye walinzi ilimfungulia. Kwa hiyo swali la Fundi Reli kuhusu kila mwenye ufunguo linabaki pale pale.

#29 Kalamu Nyekundu

Kwa wanaotaka kujua adhabu: Antonescu alihukumiwa akapigwa risasi gereza la Jilava, karibu na Bucharest, tarehe 1 Juni 1946. Kesi ya Iași yenyewe ilisikilizwa Bucharest mwaka 1948, washtakiwa 57, wengi wao wanajeshi na polisi, 23 wakapata kifungo cha maisha na kazi ngumu. Raia waliopora nyumba hawakujaza hata chumba kimoja cha mahakama.

#30 Pugu Kajiungeni

57 kwa watu 13,000. Mzee Kobe, wale wa Popricani waliopigwa risasi msituni, ni kikosi gani? Maana kama ni jeshi la kawaida lililokuwa linaelekea mbele, basi hata SSI yako inaanza kuyumba.

#31 Mzee Kobe

Ni Rejimenti ya 6 ya Vânători (yaani "wawindaji", askari wa miguu), jeshi la kawaida kabisa, na hao hao ndio wanaohusishwa na Stânca Roșnovanu. Lakini hawakuwaua kwa hasira za njiani. Waliwakusanya vijijini wakawapeleka msituni, na hilo linahitaji ofisa. Nakusanya maelezo ya maofisa wao kwenye kesi ya 1948, nitayaweka hapa kesho jioni. Pugu usikimbie.